Hadithi Isiyo na Funzo

Niliandika hadithi yangu ya kwanza ya kuchekesha nikiwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya wasichana ya misheni, Mamba, miaka michache baada ya Vita vya Pili. Sikuwa na nia ya kuwa mwandishi. Nilitaka tu kuwachekesha walimu wenzangu wawili niliokaa nao nyumba moja, maana masika ilikuwa imeharibu barabara ya kushukia Same, lori halipandi, na jioni hatukuwa na la kufanya ila kusahihisha madaftari na kusikilizana tukikohoa.

Hadithi yenyewe ilihusu maji. Kwetu milimani watu humwagilia kwa mifereji. Juu ya mashamba huwa kuna ndiva, bwawa la udongo linalojaa maji usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili kila shamba lipate kwa zamu. Mtu akikuibia zamu umegombana naye, na ugomvi wa maji una adabu zake: hufanyika palepale mferejini, asubuhi, na majirani huja kuusikiliza. Bibi yangu mzaa baba aliujua vizuri sana. Alikuwa akienda kugombana hata kwa niaba ya watu ambao wenyewe walikwisha kusamehe.

Basi nikaandika juu ya kijana mwenye shamba la juu, anayempenda msichana mwenye shamba la chini, lakini hathubutu kumsemesha. Anachothubutu ni kumwibia zamu, ili msichana apande kumgombeza. Msichana anapanda, anamgombeza, kijana anarudi nyumbani amefurahi, na wiki inayofuata anaiba tena. Msichana anapoutambua mchezo haendi tena. Anamtuma bibi yake. Bibi anaupenda ugomvi ule, siku ya zamu anajitanda kanga safi, na kijana masikini anabaki akigombezwa na ajuza wiki baada ya wiki. Mwishowe anatuma washenga. Washenga wamesikia kijijini kwamba kijana wao huonekana mferejini na mwanamke wa nyumba ile, kwa hiyo wanaingia ndani na kumposa bibi. Bibi anaomba apewe siku chache za kufikiri.

Wenzangu walicheka hadi mmoja akalazimika kutoka nje. Yeye ndiye aliyesema niipeleke gazetini. Wakati huo lilikuwapo gazeti la Kiswahili lililotoka kila mwezi, likifika kwetu na lori la posta, na ndani yake palikuwa na bei za kahawa, habari za mabaraza, mashairi, na wakati mwingine hadithi. Nikainakili kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaituma, nikaisahau. Baada ya muda ikatoka, imegawanywa sehemu tatu katika toleo moja, na jina langu limeandikwa kamili juu yake.

Wa kwanza kusema neno alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa Ugweno, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa jua na mvua, na kila mtu alijua kwamba alikuwa akiandika historia ya koo za Upare. Alikuwa ameiandika kwa miaka mingi na bado hajazifikia koo za wahunzi. Aliniita ofisini, gazeti likiwa limelala mezani, akaniuliza hadithi ile inafundisha nini. Nikamwambia haifundishi kitu, ni ya kuchekesha tu. Akasema mwalimu hana ruhusa ya kutofundisha. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikia tena kwa watu wengi, kwa namna mbalimbali, katika maisha yangu: kwamba mapenzi na vichekesho ni vitu viwili vyepesi, na ukivifunga pamoja mzigo hauwi mzito kwa sababu hiyo.

Nilitoka nimeudhika. Lakini kabla sijafika mlangoni aliniita tena, akaniambia katika sehemu ya pili nimeandika "alimwibia maji" mahali ambapo ingefaa "alimwibia zamu", kwa sababu maji ni ya Mungu na hayaibiwi. Nilipotazama gazeti lake niliona ameisahihisha hadithi yote kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari, kama daftari la mtoto. Aliidharau kazi yangu, lakini hakuweza kuiacha na makosa. Tangu siku ile kila nilichokiandika nilimpelekea kwanza, naye hakuwahi kukisifu wala kunirudishia bila kukisahihisha. Kama Kiswahili changu kina nidhamu yoyote, niliipata kwake.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alihubiri katika vijiji vya jirani, akalima kahawa na migomba, na gazeti alilisoma lote, hata matangazo ya mnada. Nyumbani nilikuwa nakwenda Jumamosi. Jumamosi ya kwanza baada ya hadithi kutoka, aliitikia shikamoo yangu, tukala makande, akaniuliza habari za shule, hakuna zaidi. Ya pili vilevile. Mama alinidokeza jikoni kwamba wanawake wa kwaya walikuwa wanaitana "bibi wa mferejini" na kwamba baba alijua. Jumamosi ya tatu, tukiwa tunachambua kahawa, aliniuliza bila kuinua macho kama yule bibi wa hadithi ni mama yake. Nikajibu kwamba ni yeye kwa sehemu.

"Mama yangu hakuwahi kuomba siku za kufikiri," alisema. "Angejibu palepale."

Tukaendelea kuchambua.

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu kuna waliopeleka shauri kwa wazee wa kanisa. Binti wa mwinjilisti, mwalimu wa watoto wa kike, hajaolewa, anaandika mapenzi gazetini: lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Niliitwa baada ya ibada. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya mbele, mchungaji katikati yao, baba yangu pembeni kwa sababu alisema shauri linamhusu na hataki kuamua. Mzee mmoja akaombwa aisome sehemu yenye ubaya ili wote waisikie. Alianza kutafuta. Aliifungua sehemu ya kwanza, akasoma kimyakimya, akaenda ya pili, akarudi. Mchungaji akamuuliza kama ameipata. Akajibu kwamba bado, ila ngoja amalize hapa. Walimpa muda mrefu. Mwisho alisema ubaya hajauona, lakini hakuona faida pia, na wenzake wakakubaliana naye. Uamuzi wao ulikuwa kwamba kuandika namna ile si dhambi, lakini si kazi. Nikitaka kuandika, niandike kitu chenye uzito.

Nilikuwa kijana na niliyatii maneno hayo kuliko nilivyopaswa. Mwaka ule palitangazwa shindano la uandishi kwa walimu, nikaandika hadithi ya yatima anayeteswa na mama wa kambo, anasoma kwa bidii, anaugua, na kufa siku ya kupata cheti. Niliiandika kwa shida kama mtu anayebeba jiwe kupanda nalo mlima. Ilishinda. Ofisa wa elimu, Mwingereza, alipanda kutoka Same kwa gari la serikali kuniletea hati, akanipa mkono mbele ya shule yote, na mwalimu mkuu akaitundika hati ukutani ofisini kwake, karibu na picha ya Mfalme. Baba aliisoma hadithi, akasema ni nzuri. Mama alisema masikini mtoto yule. Na hakuna mtu mwingine aliyeniuliza lolote juu yake, siku ile wala baadaye. Wakati huohuo, nikienda sokoni, wanawake nisiowajua walikuwa wananisimamisha kuniuliza kama bibi alikubali au alikataa.

Nilianza kuelewa kitu, lakini polepole. Hadithi ya yatima ilikuwa imetungwa na mtu anayewatazama wazee wa kanisa. Ile ya mferejini niliitunga nikiwatazama watu wawili waliokuwa wamekaa mbele yangu na kungoja kucheka, na kuwachekesha kulikuwa kugumu zaidi. Mtu anaweza kulia kwa heshima tu, kwa sababu mwandishi ameweka maiti hapo. Kucheka kwa heshima hakuna. Ukikosea kidogo, ukimpeleka bibi mferejini mara moja zaidi ya inavyotakiwa, wanakutazama tu.

Basi niliirudia hadithi ya maji, nikairefusha iwe kijitabu. Nikampa bibi mwisho mzuri zaidi, nikampa msichana maneno, kwa maana katika ile ya kwanza kijana alichekesha, bibi alichekesha, na msichana alikuwa akikaa tu nyumbani kungoja. Mwalimu mkuu aliisahihisha yote. Nikaituma kwa kamati iliyokuwa ikishughulikia vitabu vya Kiswahili, na jibu likaja kwamba wajumbe wameisoma na kuifurahia, ila haina funzo, na kitabu kisicho na funzo hakiwezi kupelekwa mashuleni. Wakaniomba niongeze ukurasa mmoja wa mwisho wenye maonyo kwa vijana.

Nilimpelekea mwalimu mkuu jibu hilo nikidhani atafurahi. Alilisoma amesimama dirishani. Akasema yeye ndiye aliyeniambia hadithi lazima ifundishe, na hajabadili mawazo, lakini funzo la kushonea nyuma kama kiraka ni ushahidi kwamba nguo ilikwisha kukatwa vibaya. Kwa maoni yake ama niandike upya yote ama nikatae. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikaa jioni moja nikaandika ukurasa mmoja unaowaasa vijana waheshimu zamu za maji, wawatii wazazi na wasiwadanganye washenga. Kitabu kikachapwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa stesheni ya Same, nangoja treni ya kwenda Moshi kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Treni ilichelewa, jua lilikuwa kali jinsi Same inavyojua kuwa, na abiria walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha jengo: wafanyakazi wa mkonge, akina mama wenye vikapu vya ndizi, Wamasai wawili waliosimama mbali kidogo. Kati ya akina mama mmoja alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti, akitafsiri kwa Chasu pale Kiswahili kilipowashinda. Nilitambua sentensi yangu kabla ya kuliona jalada. Nikasogea, nikasimama nyuma yao kama mtu anayetafuta kivuli.

Alisoma vizuri. Alimpa bibi sauti nzito na washenga sauti za puani. Walicheka mahali pote nilipotarajia na pengine ambapo sikutarajia. Alipofika mwisho, bibi anapowaambia washenga kwamba ameshafikiri na anamkubali kijana, lakini kwa mjukuu wake, alikifunga kitabu na kukitia kikapuni. Nilishindwa kujizuia. Nikamwamkia, nikamwambia, mama, naona kuna ukurasa umebaki.

"Ah, huo ni wa serikali," alinijibu. "Yeye mwenyewe ameishia hapa."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilipanda treni nikiwa na furaha ambayo hati ya shindano haikunipa, na pia nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameona mahali palipoungwa, kama alivyosema mwalimu mkuu.

Sasa nifike kwenye posa yangu mwenyewe, ambayo ndiyo watoto wangu hupenda kuisikia.

Mume wangu alikuwa dresa katika zahanati upande wa Myamba, yaani ndiye aliyefunga vidonda na kutoa dawa daktari asipokuwapo, na daktari karibu kila siku hakuwapo. Tulijuana kwa kuwa alikuja shuleni kuwachanja watoto. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinieleza kwamba kitabu changu kilikuwa kinasomwa kwenye benchi la wagonjwa, na kwamba watu wawili walishindwa kushonwa vizuri kwa sababu ya kucheka. Alisema hivyo kwa uso uleule wa kuhesabu vidonge. Baada ya mwaka wa salamu na safari za kuchanja ambazo nadhani hazikuwa zote za lazima, alinitaarifu kwamba watu wake watakuja nyumbani.

Baba alipewa taarifa kwa utaratibu, mama akapika, shangazi zangu wakaja. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na wageni walifika wamelowa hadi magotini: mjomba wa mume wangu, ambaye ndiye mshenga, wazee wengine wawili, na mama mmoja wa makamo. Waliingia sebuleni, wakasalimiana na baba na wazee wa kwetu, wakapewa chai. Mimi nilikuwa jikoni na mama, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa miti na udongo, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na cha kusikia.

Mjomba alisema mvua mwaka huu ni nzuri. Baba akakubali. Mjomba akasema njia ni mbaya. Baba akakubali na hilo. Kisha kimya. Vikombe vikawekwa chini, vikainuliwa. Baba akawauliza, kama inavyotakiwa, wageni wetu mmetujia na lipi. Mjomba akajibu kwamba wamekuja kusalimia tu. Baba akawashukuru kwa salamu. Kimya tena. Shangazi yangu mkubwa akamnong'oneza mama kwamba labda wamebadili nia. Baba akajaribu kwa njia nyingine, akasema nyumba hii ina migomba, ina mbuzi, ina mabinti, mgeni hakosi cha kuangalia. Mjomba akasema migomba ni mizuri sana.

Kwa desturi zetu mshenga ndiye anayesema. Hufumba, huzunguka, huleta habari ya ua walilolisikia harufu yake wakapotea njia. Hayo yote tuliyajua. Mshenga asiyesema hakuna aliyewahi kumwona. Mama alikuwa ameacha kukoroga chungu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikijiambia kwamba dresa amenidanganya, na nilianza kupanga namna nitakavyorudi shuleni Jumatatu nikiwa na uso wa kawaida.

Hatimaye yule mama wa makamo alitoka, akaja jikoni kama anayeomba maji. Alikuwa shangazi wa mume wangu. Akatuambia kwa sauti ya chini kwamba tusamehe. Watu wamekuja kuposa, nia ipo, na mbuzi wapo. Lakini njiani mjomba alikumbuka kwamba binti anayekwenda kumposa ndiye aliyewaandika washenga kitabuni wakaonekana wajinga nchi nzima, na akaapa kwamba yeye hatasema neno lolote ambalo linaweza kuchapwa.

Mama alimtazama shangazi yule, akanitazama mimi. Akafuta mikono, akatoka, akamwita baba mlangoni akamnong'oneza. Nilimsikia baba akivuta pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo wazee wa kwetu walilizungumza kwa miaka: alinitaka niingie sebuleni, kwenye posa yangu mwenyewe, kabla haijasemwa.

Niliingia, nikawaamkia wote, nikapiga magoti karibu na mlango. Mjomba alikuwa mzee mnene mwenye mvi nzuri, fulana ya sufu imelowa mabegani. Hakunitazama. Baba akasema kwamba wageni wana wasiwasi juu ya kalamu yangu, na kwamba ni mimi tu ninayeweza kuuondoa.

Ningeweza kusema sitaandika tena. Nadhani ndicho walichokitarajia wote, na kwa msichana wa wakati ule kingekuwa rahisi. Nilifikiri kidogo, nikajua kwamba nikiahidi hivyo nitakuwa nimesema uongo mbele ya baba yangu.

"Mjomba," nilisema, "siwezi kuahidi kwamba sitaandika. Lakini sitataja jina la mtu, na ukiwa hai nitakusomea wewe kwanza."

Akaniuliza kama nitaandika atakachosema au nitatunga.

"Nitaandika utakachosema."

Wazee wake wawili wakamtazama. Nadhani kila mtu mle ndani alidhani ataondoka. Badala yake aliniamuru nirudi jikoni, akaomba maji ya kunywa, akasimama. Mshenga huwa hasimami, lakini yeye alisimama. Akaanza kusema, na ilionekana wazi kwamba amekata shauri kwamba kama maneno yake yatachapwa, basi yawe maneno yanayostahili kuchapwa.

Sikuwahi kusikia posa kama ile, wala sijaisikia tena. Alianza na ukoo wao ulipotoka, akauleta hadi Myamba, akasema milima hii iliwahi kukosa maji na watu wakachimba mifereji, na mfereji hauchimbwi na mtu mmoja. Akasema kijana wao ana mikono inayojua kufunga kidonda bila kumwumiza mwenye nacho, na kwamba mikono kama hiyo haipaswi kurudi kwenye nyumba yenye giza. Akasema wamesikia kwamba katika nyumba hii kuna binti anayewafanya watu wacheke, na kwamba wao ni watu wakimya, na kicheko ndicho walichokuja kukiomba. Yote hayo aliyasema polepole, sentensi moja, kisha anatua. Anatua muda mrefu kidogo, kisha nyingine. Mama ndiye aliyegundua. Aliniegemea sikioni akasema, "Anakungoja uandike."

Sikuwa na karatasi jikoni. Nilikuwa na machozi, na shangazi zangu walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga. Baba alijibu kwa ufupi kwamba maneno yamefika na yamepokelewa. Wakakubaliana mambo ya ndoa kabla chai ya pili haijapoa.

Tulioana kiangazi, baada ya mavuno ya kahawa, nikahamia Myamba. Nilifundisha huko, nikazaa watoto wangu huko, na nikaendelea kuandika, ingawa kwa kuibaiba, asubuhi kabla ya shule. Mwalimu mkuu aliendelea kupokea karatasi zangu kwa lori na kuzirudisha zimejaa wekundu. Baadaye vilitoka vijitabu vingine viwili, vyote vya watu wanaopendana na kukosea nyumba, kukosea siku, kukosea mtu. Hakuna kilichopata hati. Karibu na Uhuru alikuja mtu kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akikusanya habari za waandishi wa jimbo letu. Nilimwonyesha kazi zangu zote. Aliandika habari za yatima kwa kirefu. Vijitabu vitatu aliviandika kwa pamoja, mstari mmoja, na mbele yake akaweka neno "burudani". Mume wangu alisoma akichungulia begani kwake, akamwuliza kwa upole kama burudani ni ugonjwa. Mgeni hakujua kama ni mzaha, kwa sababu uso wa mume wangu haukuonyesha.

Mjomba aliishi jirani nasi. Kila aliponiona, sokoni au kanisani, baada ya kuitikia shikamoo aliniuliza kama tayari. Mwanzoni nilidhani ana wasiwasi. Baadaye nilielewa kwamba anangoja. Nami nilishindwa kuiandika posa ile kwa miaka mingi, kwa sababu kila nilipojaribu ilikuwa ama ya kuchekesha na mjomba anaonekana mjinga, ama ya heshima na haichekeshi, na ukweli ni kwamba siku ile ilikuwa vyote viwili kwa pamoja.

Nilipopata hatimaye namna ya kuiandika, mjomba alikuwa mgonjwa wa miguu na hatoki tena. Nilikwenda kwake alasiri, na watu wa nyumba wakakusanyika: wake za wanawe, wajukuu, jirani mmoja aliyekuja kuazima shoka. Nikamsomea kama nilivyoahidi. Nilipofika kwenye kimya cha sebuleni, na mvua nzuri, na migomba mizuri sana, nyumba nzima ilicheka, na jirani akalishusha shoka chini. Mjomba peke yake hakucheka. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye hotuba yake midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na yangu, kwa maana aliikumbuka yote, na mahali pamoja alinisimamisha akasema hakusema "nyumba yenye giza" bali "nyumba yenye baridi". Nikarekebisha palepale.

Nilipomaliza aliniuliza kwa nini wamecheka. Nilimwambia wamecheka kwa sababu alikuwa kimya, na kisha hakuwa kimya tena.

"Na maneno yangu? Waliyacheka?"

Mke wa mwanawe mkubwa ndiye aliyejibu. Alimwambia hapana baba, pale tulinyamaza. Na ni kweli walinyamaza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona.

Akafikiri. Akaniomba nisome tena kuanzia pale anaposimama, na safari hii niende polepole.